Santuri ya Nne

Jumamosi, 5 Oktoba

Bwana Ashiru amekubali. Atakuja kutoka Masasi kabla ya Krismasi, na mashine yake, kunakili kasha la bluu. Mwalimu Yeremia alinipa habari hiyo mara mbili, na mara zote mbili alisahau kumalizia chai.

Naandika tangu mwanzo ili nisichanganye. Mwalimu ni jirani yetu hapa Makote. Alifundisha muziki chuo cha ualimu hadi alipostaafu. Sasa macho yake yameingia ukungu. Anaona mwanga wa dirisha na umbo la mtu, basi. Mama anampikia na kumfulia. Mimi kila Jumamosi naenda kumsomea maandishi ya santuri na kuziweka kwenye mashine. Ana kabati zima la muziki wa ala tupu, hakuna anayeimba, uliotungwa Ulaya zamani sana, enzi wanayoiita Baroko na ile iliyofuata. Mwanzoni nilidhani nitasinzia. Siku hizi wiki ikiwa mbaya shuleni naiwaza Jumamosi. Kwa Mwalimu naongea. Darasani hata nikiitwa jina tu kwenye mahudhurio sauti inakwama.

Kasha la bluu lina santuri sita. Halikuuzwa madukani, zilitolewa nakala chache kwa wakusanyaji waliojiandikisha. Mwalimu alikuwa kijana, anasoma Ujerumani, na siku ya kurekodi mpiga viola mmoja akaugua, wakamwita yeye. (Viola ni kama fidla iliyokua kidogo, sauti yake inatokea kifuani.) Kwa hiyo yumo katika santuri ya nne. Katika hiyo tu. Viola yenyewe aliiuza ili apate nauli ya kurudi. Hakuna mahali pengine anaposikika akipiga.

Haruhusu ichezwe. Sindano ya mashine imechakaa, anaogopa itaikwaruza. Bwana Ashiru, mwenye duka la dawa Masasi na nyumba iliyojaa santuri, ataleta sindano mpya. Mpaka hapo, kila Jumamosi kabla sijaondoka, Mwalimu ananiambia, "Nipe ya nne." Nampa. Anaishika ukingoni, anaigeuza, anainusa kama mtu anayenusa nguo ya mtoto. Kisha ananirudishia.

"Ipo," anasema.

Jumatatu, 7 Oktoba

Korosho zimeanza kudondoka kwa wingi. Shamba zima linanuka mabibo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo Anifa alinifuata kwa Mwalimu. Ni rafiki yangu, pengine kwa sababu yeye anaongea kwa niaba yetu wote wawili. Nilikuwa nimeweka santuri ya Telemann, mmoja wa watunzi wale wa zamani. Akasikiliza kidogo, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Samahani, hawa watu wanapanda ngazi, wanashuka, wanapanda tena. Hawachoki?"

"Marahaba. Wewe umechoka?"

"Mimi nimekaa tu, Mwalimu, lakini miguu inaniuma."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Sijawahi kumchekesha hivyo. Nilimwonea Anifa wivu njia nzima.

Mwalimu ana sheria. Msimu huu wa korosho mikono ioshwe kwa sabuni mara mbili kila nikija, maana mafuta ya ganda la korosho yakigusa santuri hayatoki. Santuri isilazwe chali mezani. Isiguswe usoni. Nazijua zote. Mama alipoleta chakula alisimama mlangoni na sinia, muziki unaendelea. Mwalimu akasema, "Weka hapo, Mama Yasinta, ufunge mlango, vumbi linaingia." Akaweka, akafunga.

"Nipe ya nne." Nikampa. Ipo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ipo.

Jumapili, 3 Novemba

Mitihani ya kufunga mwaka wa kidato cha tatu inakaribia. Nasoma Biolojia huku najaza magunia. Mama anasema mbegu nikizihesabu nitajua na Hisabati.

Jumamosi, 16 Novemba

Mwalimu anakwenda hospitali Jumatatu kuangaliwa macho, gari la kanisa litampeleka. Atalala huko siku kadhaa. Ufunguo amemwachia Mama. Mimi ameniachia maneno: "Kasha lisitoke kabatini."

Nilimjibu, "Halitatoka, Mwalimu." Sikumwambia Mama. Niliona ni jambo la mimi na yeye.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua ya kwanza! Imetukuta katikati ya mtihani wa Kiswahili. Kwenye bati ilipiga hata msimamizi hakusikika. Nyumbani tulikinga ndoo zote, na masufuria, na beseni la kufulia. Korosho za uani zimelowa kwa sababu Mama alikuwa mbali shambani. Leo nimefurahi. Naandika hivyo ili nikumbuke kwamba nilifurahi.

Alhamisi, 21 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naanzia getini.

Nimerudi shuleni saa nane. Jua lilikuwa kali, ule ukali wa jua linalofuata mvua. Uani kwetu Mama alikuwa ametandika majamvi, korosho zimetawanywa zikauke. Katikati ya korosho nikaona vitu vyeusi vya mviringo vinang'aa. Nilidhani ni vifuniko vya masufuria.

Zilikuwa santuri za kasha la bluu. Zote sita. Amezipanga vizuri, zisigusane, kila moja na jalada lake pembeni limefunguliwa kama samaki wa kukausha.

"Umewahi," Mama akasema. Alikuwa na ufagio, anafukuza kuku. "Bati la Mwalimu linavuja juu ya kabati. Asubuhi nimefungua nimekuta maji yamejaa kwenye kasha hili, makaratasi yamelowa chapachapa. Ningechelewa siku moja yangeota ukungu yote. Nimemwokolea mali yake."

Nilipiga magoti nikaigusa ya kwanza. Ilikuwa ya moto kama bakuli la uji. Ukingo wake umenyanyuka, umeshuka, umenyanyuka. Mbili zilizokuwa upande wa ukuta, penye kivuli, zilikuwa zimenyooka. Ile ya tano na ile ya sita. Ya nne ilikuwa katikati ya jamvi.

"Zimejikunja kidogo," Mama akasema. "Zikipoa zitakaa. Hata kandambili zinakuwa hivyo."

"Ndiyo, Mama."

"Mbona hata begi hujatua? Umekula?"

"Nimekula."

Nimeshaiona sababu, na ndiyo inayonitesa. Santuri ikilowa unaifuta kwa kitambaa laini, basi, haijapata kitu. Maji hayaiui. Mimi najua hivyo tangu mwaka jana, na Mama anafagia nyumba ile kila siku, na sikuwahi kumwambia. Yeye alifanya tunavyofanya sote huku: kilichonyeshewa kinaanikwa. Mihogo, korosho, magodoro, nguo. Hakuna mtu angefanya vingine.

Nimezirudisha kabatini mahali pakavu. Majalada yamekauka vizuri kweli. Maandishi yote yanasomeka.

Ijumaa, 22 Novemba

Mtihani wa Fizikia. Swali moja lilihusu vitu kutanuka kwa joto. Nilikaa nikalitazama.

Mwalimu amerudi jioni. Daktari amesema asubiri, upasuaji labda mwakani.

Jumamosi, 23 Novemba

Niliosha mikono mara nne. Nilipanga sentensi: Mwalimu, kuna jambo. Niliirudia njiani. Nilipofika akasema hospitali kelele zilikuwa nyingi, kwa siku zote hizo alikuwa akizipiga zile santuri kichwani mwake ili alale, na alipofika ya nne alikuwa analala. Nikaweka muziki. Ukaisha. Nikaweka mwingine.

"Nipe ya nne."

Nilifungua kasha. Nikaitoa ya tano, iliyonyooka. Nikampa.

Akaishika ukingoni, akaigeuza, akainusa. "Inanuka jua," akasema.

Nikamwambia Mama alifungua madirisha.

"Ipo," akasema.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani sikupokea komunyo. Mama aliniangalia, hakuuliza.

Jumanne, 26 Novemba

Nimemweleza Anifa. Ndiye mtu wa kwanza.

"Zipige pasi," akasema.

"Anifa."

"Pasi ya mkaa, na kitambaa juu. Mama mdogo alinyoosha meza ya plastiki hivyo."

"Ikawa meza?"

"Ikawa kitu kingine. Lakini ilinyooka."

Tulicheka, halafu nikaanza kulia, akanipa mtandio wake nifutie pua. Akasema nimwambie Mama. Nikasema Mama atakufa kwa aibu. Akasema, "Mama yako? Yule anayegombana na karani wa mizani ya korosho? Hafi yule."

Nimeiweka ya nne kati ya vipande viwili vya ubao chini ya gunia la korosho.

Jumamosi, 30 Novemba

Chini ya gunia haikubadilika kitu. Nimeirudisha kashani.

Leo kulikuwa na jiwe kwenye wali. Mwalimu alilitema akasema kwa sauti, ili Mama asikie jikoni, "Mama Yasinta, mimi macho sina, lakini meno bado ninayo." Mama akasema, "Samahani, Mwalimu." Zamani ningetabasamu. Leo nilimwangalia Mwalimu nikaona mzee ambaye nguo zake zimefuliwa na kunyooshwa, amekaa kwenye kiti kilichofutwa vumbi, na katika miaka yote hii hajawahi kumkaribisha Mama aketi asikilize hata upande mmoja. Na mimi pia sijawahi. Nilipenda chumba kile kwa sababu kilikuwa cha watu wawili.

Halafu akasema, "Nipe ya nne," na hasira yote ikaniisha, maana alikuwa ameshanyoosha mikono yote miwili. Nikampa ya tano.

"Bwana Ashiru amepiga simu," akasema akiwa ameishika. "Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Sindano ameshaipata." Akaiweka shavuni. Hajawahi kuiweka shavuni.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua. Sikulala vizuri.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule imefungwa. Nimekuwa wa pili darasani. Mama amenichinjia kuku, nami nimekula kipande kimoja tu.

Jumamosi, 7 Desemba

Nilimpa ya tano tena.

Jioni tulikuwa tunachambua korosho za mwisho, nzuri huku, mbovu huku. Mama aliuliza, bila kuniangalia, "Ni mvulana?"

"Hapana, Mama!"

"Basi ni nini? Tangu ile mvua unakula kama kuku mgonjwa."

Nikamwambia. Nilimweleza kwamba sauti ya santuri iko katika mifereji ile midogo, kwamba sindano inatembea humo, kwamba ikipinda sindano inarushwa kama baiskeli kwenye makorongo. Nikamweleza ya nne ni nini. Hilo hakuwa akilijua. Alijua Mwalimu ana sahani za Wazungu. Hakujua kwamba yeye mwenyewe yumo ndani.

Alikaa na korosho mkononi.

"Kwa hiyo nimeiua."

"Hukujua, Mama."

"Na wewe ulijua. Siku ile ile, umepiga magoti pale, ulijua. Nikakuuliza umekula, ukanijibu umekula." Alikuwa hajapandisha sauti, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. "Wiki zote hizi naingia nyumba ya mtu, namsalimia, navua kandambili mlangoni kwake, na mwanangu ananitazama kama mwizi asiyejua kwamba ameiba."

"Nilitaka usiaibike."

"Nani alikutuma?"

Niliokota korosho nikaitupa upande wa mbovu.

"Usimwambie," akasema. "Nitamwambia mwenyewe."

Sikumwambia Mama kuhusu ile ya tano. Nilishindwa.

Jumatatu, 9 Desemba

Hajamwambia. Ameenda, amefua, amerudi.

Jumatano, 11 Desemba

Bado. Leo amechelewa kurudi, nikadhani ndiyo. Alikuwa anachambua mchele wa Mwalimu, punje kwa punje.

Ijumaa, 13 Desemba

Kesho. Nimemuuliza, "Mama?" Akajibu, "Nimesikia."

Jumamosi, 14 Desemba

Bwana Ashiru alifika saa nne na gari lililojaa tope mpaka madirishani. Ni mtu mnene, mcheshi, amevaa kofia ya kufuma. Alibeba mashine yake mwenyewe, akakataa kusaidiwa. "Huyu ni mtoto wangu," akasema. "Wale wengine wako shule."

Mwalimu alikuwa amevaa koti. Sikujua ana koti.

Bwana Ashiru alifunga sindano mpya kwenye mashine ya Mwalimu, akaiunganisha na yake kwa nyaya, akawa anaeleza: kila kitu kitaingia kwenye simu na kwenye kadi ndogo, Mwalimu atasikiliza hata kitandani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Mama aliingia. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na hakubeba sinia. Alifika mpaka katikati ya chumba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Yasinta. Chai baadaye."

"Sijaleta chai. Nimekuja kusema." Akasema yote. Bati, maji, jamvi, jua. Alisema kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi. "Mimi ndiye niliyezianika. Mtoto alikuwa shuleni."

Bwana Ashiru alikwishafungua kasha. Aliitoa ya kwanza akaiinua usawa wa jicho. "Ala," akasema polepole. "Hii inapunga mkono." Aliiona sura ya Mwalimu akaishusha.

"Haiwezekani," Mwalimu akasema. "Ya nne ni nzima. Naishika kila Jumamosi. Nimeishika wiki iliyopita."

Bwana Ashiru akamtazama Mama, Mama akanitazama mimi, na nikaona inamfikia.

"Yasinta," Mama akasema.

Nilikuwa nimepanga sentensi nyingi kwa majuma mengi. Iliyotoka ilikuwa fupi. "Nilikuwa nakupa ya tano, Mwalimu."

Mwalimu alitafuta kiti kwa mkono, akakikosa, Bwana Ashiru akamshika. Akakaa akijisugua shavu, upande ule.

"Mama yako," akasema, "amekosea mchana, uani, kila mtu anaona. Na amekosea akiokoa. Wewe umeyatumia macho yangu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilikuwa nabusu sahani ya watu wengine."

Niliitoa ya nne kashani, ile yenyewe, nikamkabidhi Bwana Ashiru.

Bwana Ashiru ndiye aliyekohoa. "Mwalimu, mimi dawa ya kifua ninayo, dawa ya santuri iliyopinda sina. Kuna wanaozibana kwa vioo na kuzipasha moto. Nimejaribu, nimeua zaidi ya nilizoponya. Lakini tuiweke. Ukingoni imeharibika. Katikati, karibu na karatasi, sioni kama imepinda sana."

"Iweke."

Sindano ilishuka ukingoni, ikarushwa, tup, tup, ikateleza. Mwalimu alifumba macho kama anayepigwa. Bwana Ashiru akaiinua, akaisogeza ndani. Tup. Akaisogeza tena, mpaka kipande cha mwisho, cha polepole.

Ikashika.

Sauti ilikuwa inayumba, inazama kidogo na kupanda, kama mtu anaimba akiwa amebebwa mgongoni. Lakini ilikuwa inalia. Fidla mbili juu. Chini ile fidla kubwa. Na kinanda kile cha zamani kinachodonoa nyuzi. Taa nyekundu ya mashine ya Bwana Ashiru ilikuwa inawaka, inachukua. Mama alikuwa bado amesimama katikati.

"Mama Yasinta, kaa," Mwalimu akasema.

Mama akaanza kukaa sakafuni.

"Kitini."

Akakaa kwenye kiti changu. Akasikiliza na kichwa ameinamisha. Baada ya kitambo akauliza kwa kunong'ona, "Wewe ni yupi?"

"Nipo katikati. Mimi huwezi kunisikia, si kazi yangu kusikika."

Mama akasikiliza tena. "Huyu anayewajibu wenzake kwa chini? Wakinyamaza anabaki kidogo, halafu naye ananyamaza?"

Mwalimu aligeuza uso kuelekea kwake. "Huyo," akasema.

Ikaisha. Dakika chache tu ndizo zimepona kwenye santuri nzima, upande mmoja. Upande wa pili haukushika kabisa. Bwana Ashiru alinakili ya tano na ya sita pia, na kipande cha ya pili, akaondoka kabla mvua haijafunga barabara.

Nilipoaga, Mwalimu akasema, "Jumamosi usije."

Jumapili, 15 Desemba

Hakuna la kuandika.

Jumatano, 18 Desemba

Mama anakwenda, anarudi. Anasema Mwalimu anasikiliza kile kipande kwenye simu na anakilaumu: ameingia mapema mahali fulani, miaka yote hii alidhani aliingia sawasawa. "Anagombana na kijana yule kutwa," anasema. Simwulizi kama ananitaja. Naye hasemi.

Jumamosi, 21 Desemba

Jumamosi ya kwanza bila kwenda. Nilijikalisha barazani kwetu na kitabu. Nyumba ya Mwalimu ni pale tu, ng'ambo ya minazi miwili na choo.

Nilisikia sindano ikikwaruza. Kisha Mwalimu akipiga kelele, "Taratibu! Unatwanga?" Kisha Mama, kwa sauti ile anayoitumia kwenye mizani, "Basi weka wewe!" Nikainuka nusu. Nilidhani sasa ndiyo mwisho wa kila kitu, atafukuzwa. Halafu nikasikia wanacheka, wote wawili, na muziki ukaanza katikati ya wimbo.

Ulipoisha Mama alitokea mlangoni, akajikinga jua kwa mkono.

"Yasinta! Maandishi ya Kijerumani yananishinda. Amesema uje usome." Akarudisha kichwa ndani kidogo, akasikiliza, akakitoa tena. "Amesema niseme pia kwamba hajakusamehe."

Nilikwenda. Nilisalimia, akaitikia marahaba bila kuongeza neno. Kiti changu kilikuwa na kanga ya Mama. Mwalimu akasema atataja santuri, mimi niitoe na kusoma kila kitu kilichoandikwa, kwa sauti, mpaka namba ya mwisho, na Mama asimame nyuma yangu aangalie. Kijerumani hakijui, lakini namba anazijua.

Nikaitoa. Nikasoma, na sauti yangu haikukwama. Nilipoisoma namba ya mwisho nikasubiri.

"Ni kweli, Mwalimu," Mama akasema.